Mringaringa Ndani ya Pumba

Kitu kinachozunguka hakiwezi kunishangaza. Nasema hivyo bila kujisifu, ingawa nikijisifu nina haki. Shule niliacha darasa la tano. Nikauza vitunguu saumu mnadani, nikabeba magunia ya watu mpaka shingo ikawa ngumu kama ya maksai, na leo nina mashine mbili za kusaga hapa Tumati na Fuso inayopeleka mzigo Arusha. Mashine zangu nafungua na kufunga mwenyewe. Beringi ikianza kulia, naisikia nikiwa mezani nakula, kabla msagaji aliyesimama pembeni yake hajajua kuna tatizo. Mkanda ukilegea naujua kwa harufu. Mtu akiniambia mashine imemshinda, namwuliza kwanza, hiyo mashine inazunguka au haizunguki? Kama inazunguka, aniachie mimi.

Basi, mashine ya kukereza mbao inazunguka. Haina kazi nyingine, inazunguka tu. Na nilihangaika nayo karibu mwaka mzima.

Ilianza na presha. Daktari wa kituo chetu cha afya ametoka Tanga, ana maneno laini. Alinifunga ule mkanda wa kupimia mkononi, akasoma, akaujaza upepo tena, akasoma tena.

"Mzee wangu, pole na majukumu. Unapumzika saa ngapi?"

"Nikilala."

"Na ukilala unawaza nini?"

"Dizeli."

Akacheka kidogo, lakini aliandika dawa. Halafu akasema, "Tafuta na kitu cha kufanya ambacho hakina faida."

Nilimtazama sana. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kunishauri nikatafute hasara. Akaona uso wangu, akaeleza. "Kitu cha kuchezea tu, mzee wangu. Wengine wanafuga njiwa. Mkono ufanye kazi, akili ikae chini."

Njiwa siwezi. Lakini kwenye simu nikakutana na video ya mzungu mmoja amevaa aproni. Amefunga kipande cha gogo kwenye mashine, gogo linazunguka, yeye ameshika patasi ndefu ameiegemeza kwenye chuma. Hasukumi, hapigi nyundo. Mbao inakuja yenyewe kwenye patasi na kumenyeka, maganda yanatoka marefu kama ya kiazi. Ametulia kama mtu anayekunywa chai. Dakika tano, bakuli limekwisha. Nikasema, hii ndiyo yangu. Mota, puli, mkanda, na sahani ya chuma ya kufungia mbao. Ni mashine yangu ya kusaga iliyolazwa ubavu.

Nikaichomelesha kwa fundi Arusha, ikawekewa mota ya mtumba, ikarudi na Fuso ikiwa imelala juu ya mifuko ya saruji. Nikaifunga kwenye chumba cha nyuma cha kinu changu, kando ya stoo ya pumba, maana umeme mkubwa uko pale. Nikaanza kwa kujaribu miiko ya ugali.

Shida ya kwanza haikuwa mashine. Ilikuwa watu. Kina mama wanaokuja kusaga walikuwa wanachungulia mlangoni, debe kichwani.

"Baba, shikamoo. Hiyo miiko utauza bei gani?"

"Marahaba. Siuzi."

"Sasa unachonga ya nini?"

"Ninajifunza tu. Ni ya kupumzisha akili."

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Pole, baba," kwa sauti ya msibani. Wiki haikuisha, habari ikafika hadi Dongobesh kwamba nimefilisika, eti benki inachukua mashine na mimi sasa nachonga miiko nipate mboga. Wazee wa kanisa wakaja nyumbani, wakanywa chai, wakaomba Mungu anivushe. Niliwaeleza kwamba sijafilisika, ni daktari amesema. Wakaomba na kwa ajili ya daktari.

Na huo mwiko wenyewe ulikuwa bado haujatoka hata mmoja.

Nikiwa bado kwenye miiko, mtamba wetu akakanyaga kiti cha mama.

Mama yangu ni mtu mzima sana, sasa hatembei mbali. Kila asubuhi anakaa nje karibu na zizi, anaota jua, anawakemea ng'ombe na watu. Kiti chake kilikuwa cha miguu mitatu, kifupi, alichokichonga marehemu baba kwa tezo kutoka kwenye gogo moja la mringaringa kabla mimi sijazaliwa. Kiti na miguu yake vilikuwa mti mmoja, hakuna kiungo wala msumari. Mtamba alipita, akaweka mguu, kikapasuka katikati. Mama hakupiga kelele. Aliokota vipande viwili, akavifunga kwenye kitenge, akaviweka chini ya kitanda. Halafu akachukua ndoo tupu ya rangi, akaigeuza kichwa chini, akaikalia.

Nikamletea kiti cha plastiki. Akasema kinateleza. Nikatoa sofa ndani, nikaliweka barazani.

"Sofa linameza mtu," akasema. "Nikizama humo nitainuliwa na winchi?"

Nikaenda Katesh, nikanunua kigoda kizuri kwa seremala. Akakigeuza, akakitazama chini na juu, akanirudishia.

"Kile kilitengenezwa na mtu wa nyumba hii."

Siku hiyo jumuiya walikuwa wamekuja kusali kwetu, uwanja umejaa. Na mimi sipendi kushindwa mbele ya watu. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka zizini, "Mama, nitakutengenezea mimi. Kwa mashine yangu. Kitakuwa duara kuliko mwezi."

Mama akajiweka sawa juu ya ndoo. "Tutaona," akasema.

Hapo ndipo mchezo ulipokwisha. Kitu kisicho na faida kikawa na deni la maneno. Na deni likaongezeka, kwa sababu baada ya Pasaka tulipata taarifa kwamba watu wa Dirma watakuja mwezi wa kumi na moja kumposa binti yetu wa pili. Mke wangu alinikuta nanoa patasi, akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Baba watoto, wageni watamsalimia bibi wa nyumba kabla ya mtu yeyote. Watamkuta amekaa kwenye ndoo ya rangi. Na huko nje tunasemwa tumefilisika."

"Kiti kitakuwepo."

"Kiko wapi?"

Nikamwonyesha gogo.

"Hilo ni gogo," akasema, akaondoka.

Gogo lenyewe lilikuwa zuri. Upepo ulikuwa umeangusha mringaringa huko Gitting, mwenye shamba akaniuzia shina pamoja na matawi. Shina nikalipasua, nikapata vipande sita vya kutosha kiti. Sita kwa kiti kimoja, nikajiona nimejipanga.

Sasa sikiliza nilivyokosea, maana nilikosea kama mtu anayejua. Kwenye kinu, spidi ndiyo unga. Ukipunguza mwendo, unapata chenga. Kwa hiyo nikaweka puli ndogo kwenye mota na kubwa... hapana, kinyume, kubwa kwenye mota na ndogo kwenye sahani, ili mbao ikimbie. Ikakimbia kweli. Nikaiwasha, meza yote ikaanza kutetemeka, makopo yakaanguka rafuni. Nikasogeza patasi kama nilivyoona kwa mzungu. Patasi ikang'ata. Sikuona kilichotokea, nilisikia tu. Kipande cha mringaringa kilitoka kwenye sahani kama jiwe la manati, kikapiga bati la paa, kikatoboa, kikaning'inia pale. Kinu upande wa pili kikazimwa. Kina mama wakatoka nje wote na unga wao.

Nikabaki na vipande vitano.

Nikarudisha puli. Cha pili patasi iling'ata tena, kikapasuka, na safari hii mpini ukageuka na ukingo ukanichana kiganja. Nikaenda kituo cha afya nimefunga mkono kwa fulana. Daktari wa Tanga alinishona taratibu, hakuuliza kitu mpaka alipofika uzi wa mwisho.

"Mzee wangu, ile kazi ya kupumzisha akili umeipata?"

"Nimeipata."

"Na presha?"

"Pima mwenyewe."

Akapima. Akaongeza dozi.

Nilijifunza mwenyewe, hakuna aliyenifundisha. Ukipeleka ncha moja kwa moja kwenye mbao, mbao inaikamata na kuivuta. Inabidi kwanza mgongo wa patasi uguse, usugue tu bila kukata, kama unamsalimia mtu asiyekujua. Halafu unainua mpini polepole mpaka makali yenyewe yapate pa kuanzia. Sentensi mbili tu hizo. Zilinichukua kuanzia mvua za masika zinaanza mpaka zinakatika, na mimi sina subira ya aina hiyo. Kwenye maisha yangu nimezoea kwamba ukisukuma zaidi, kitu kinakwenda. Gunia, ng'ombe, karani wa halmashauri, vyote ukisukuma vinakwenda. Hii mbao ukiisukuma inakurudishia.

Lakini nikaweza. Mwisho wa masika nilikuwa naweza kutoa duara safi, nene, la kukaliwa. Nikayatoa manne, moja kwa kila kipande kilichobaki. Mbao ilikuwa bado mbichi, maji yanarukia usoni ukikereza. Nikajua lazima ikauke kabla ya kumaliza, la sivyo itajikunja.

Na hapo ndipo nilipokuwa na uhakika kuliko mahali popote, kwa sababu mimi ndiye mkaushaji. Uliza mtu yeyote Mbulu. Saumu yangu haiozi. Wengine wanapoteza robo ya mzigo kwa ukungu, mimi sipotezi, kwa sababu vichanja vyangu nimevijenga juu ya kilima, paa tu bila ukuta, upepo unaingia mashariki na kutokea magharibi. Unatandaza saumu leo, upepo unafanya kazi, baada ya siku chache maganda yanalia ukishika. Siri ni upepo na haraka. Nikachukua maduara matatu, nikayapanda kwenye kichanja cha juu kabisa, pale penye upepo mkali, nikayatandaza kama saumu.

La nne halikupanda. La nne lilikuwa bado kwenye mashine siku ile, nikawa nalimalizia ukingo, nimetulia, nimeshakuwa kama yule mzungu wa chai. Msagaji wangu akaniita dirishani. Nikageuza kichwa tu, mkono ukashuka kidogo, patasi ikang'ata ubavuni na kutoa kipande cha upana wa kidole. Nilizima mashine. Nikalifungua lile duara, nikalirusha kwa nguvu zangu zote kupitia mlango wa stoo. Likaingia kwenye rundo la pumba, likazama. Sikulitazama tena. Pumba zangu huwa sizigusi mpaka kiangazi kikaze, malisho yaishe, ndipo wafugaji wanakuja na bei inapanda. Zikamwagwa pumba mpya juu ya zile kila siku, nikalisahau.

Siku ya nne tangu nipandishe maduara kichanjani, nilikuwa kilimani nimekaa na chai yangu mchana. Nikasikia mlio kama mtu amevunja ukuni. Nikageuka, hakuna mtu. Ukalia tena. Nikapanda. Duara la kwanza lilikuwa limepasuka kutoka ukingoni mpaka katikati, mpasuko wa kuingia kidole. La pili lilikuwa na mipasuko miwili. La tatu lilikuwa zima, nikalishika kwa mikono miwili kama mtoto, nikaanza kushuka nalo ngazi, na likapasukia mikononi mwangu.

Nilikaa pale kwenye ngazi. Ilinichukua muda kuelewa, na nikielewa nikakasirika zaidi. Saumu ina maganda mengi, la nje likikauka na kujikaza, la ndani halijali. Mbao ni kitu kimoja. Nje inakauka na kujikaza kwa upepo wangu maarufu, ndani bado imejaa maji inakataa kusogea. Lazima mmoja akubali, na hawakubali, wanagawana. Kumbe ile haraka inayonipa jina sokoni ndiyo iliyoua kiti cha mama.

Nikajaribu mti wa mgrivea wa shambani kwangu. Ukapasuka. Nikajaribu kuloweka, ukaota ukungu. Mwezi wa tisa ukaisha. Mama alikuwa ameshaiwekea ile ndoo kipande cha blanketi, na hicho ndicho kiliniumiza, maana mtu akiweka blanketi amekubali kuhamia. Nikipita asubuhi kumwamkia ananiitikia, halafu anauliza, "Mwezi umeandama?" Kwa sababu ya yale maneno yangu ya duara kuliko mwezi.

"Bado, mama."

"Haya. Mimi nipo."

Mwezi wa kumi kiangazi kilikaza, nikaanza kuuza pumba. Mchana mmoja nikasikia ugomvi kwenye mizani. Mama mmoja, mfugaji wa huku juu, amerudi na gunia lake kichwani, analishusha kwa kishindo miguuni pangu.

"Shikamoo baba. Hivi ng'ombe wangu wanakula ubao?"

"Marahaba. Ubao gani?"

Akaingiza mkono ndani ya gunia mpaka begani, akatoa duara la mringaringa, limejaa vumbi jeupe.

"Tumesikia umefilisika, tukakuombea. Lakini kutuwekea magogo kwenye pumba ili uzito uongezeke, hiyo hapana."

Watu wakacheka, halafu wakaacha, wakasubiri nijibu. Nilikuwa nalitazama lile duara. Nililichukua, nikalifuta kwa shati, nikalizungusha kwenye mwanga. Nikaligonga kwa kifundo cha kidole, likalia kavu, kama mlango wa kanisa. Hakuna mpasuko. Hata mmoja. Kwenye pumba hakuna upepo, maji yalikuwa yametoka taratibu miezi yote ile, nje na ndani kwa pamoja. Kilichokuwepo ni ule ubavu ulioliwa na patasi, basi.

"Baba, nasubiri," akasema yule mama.

"Weka kwenye mizani," nikamwambia.

Kilo tatu kamili. Nikamrudishia elfu moja na mia mbili yake, akaihesabu mbele ya watu, akasema, "Mungu akubariki, usirudie tena." Sikumweleza. Ungeelezaje?

Kumaliza lile duara nilitumia siku mbili, na katika siku hizo sikutaka mtu aniite dirishani hata kama kinu kinaungua. Matawi ya ule mringaringa yalikuwa yamekaa stoo muda wote, membamba, yamekauka bila shida, nikakereza miguu mitatu. Nikatoboa, nikachomeka, nikakaza kwa kabari, nikapiga msasa mpaka uso ukang'aa, nikapaka mafuta. Ule ubavu ulioliwa niliupunguza nilivyoweza lakini haukuisha. Jioni ya kuamkia posa nikampelekea mama.

Akakigeuza chini juu. Vidole vyake vikapita ukingoni, vikasimama palepale.

"Hapa pameliwa na panya?"

"Ni mashine, mama."

Akatikisa mguu mmoja mmoja. "Miguu umeichomeka."

"Ndiyo."

"Cha baba yako kilizaliwa nayo."

"Najua, mama."

"Kiache hapo."

Hakukikalia. Niliingia ndani, mke wangu akaniuliza kwa macho, nikamjibu kwa mabega.

Watu wa Dirma walifika kabla jua halijawa kali, wazee watatu na shangazi mmoja, wamevaa vizuri. Tulisimama wote uwanjani. Kiti changu kilikuwa mahali nilipokiacha jana, na ndoo ilikuwa mahali pake na blanketi lake juu, hatua chache tu kati yao. Mama akatoka ndani na fimbo yake. Akatembea taratibu, na alikuwa anaelekea kwenye ndoo. Nilitazama chini. Nikasikia blanketi linakung'utwa, nikainua macho. Mama alikuwa ameigeuza ndoo, anampa mke wangu.

"Wachoteeni wageni maji ya kunawa," akasema.

Halafu akarudi nyuma, akakishika kiti changu kwa mkono mmoja, akakaa. Hakikutikisika. Wageni wakapita mmoja mmoja, "Shikamoo bibi," naye anaitikia akiwa juu yake kama kiti hicho ni cha tangu zamani. Mimi kifua kilijaa, nikawa nasubiri tu mtu aulize.

Na mtu akauliza. Mzee wao mkubwa, baada ya chai, akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha mtu aliyetumwa na wenzake.

"Baba, huko kwetu tunasikia mengi. Tumesikia siku hizi unachonga. Na hiki kiti cha bibi nakiona ni kipya."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na mwaka mzima wa kusema: bati, nyuzi za mkononi, vichanja, pumba. Mama akaniwahi.

"Achonge nani?" akasema, hata hakunitazama. "Huyu ana mashine mbili na gari. Kiti hiki kimenunuliwa."

"Kimenunuliwa," mke wangu akarudia haraka.

Shangazi wa Dirma akainama, akapitisha kiganja kwenye ukingo. "Ni kizuri kweli. Duara kama kitu cha dukani."

"Cha dukani hasa," akasema mama.

Mzee wao akaitikia kwa kichwa, nikaona mabega yake yameshuka, hofu imemtoka. Binti yangu alikuwa amesimama na birika mlangoni. Nilikuwa na la kusema, na nikalimeza, likashuka kama kiazi cha moto.

"Na kitu kama hiki," yule mzee akaniuliza, "baba, ulinunua kiasi gani?"

Mama naye akageuka kunitazama, mikono juu ya fimbo, anataka kusikia. Nikajumlisha kichwani kila kitu nilichotoa, mashine na mota, gogo la Gitting, patasi, bati, nyuzi na dawa za presha, na kilo tatu za yule mama wa pumba. Kwenye hesabu sijawahi kushindwa.

"Milioni moja, laki nne, elfu themanini na saba, na mia mbili."